Neno na Mwenyewe

Sifa njema zamthubutikia Mwenyezi Mungu, aliyeitaja kalamu katika wahyi wa kwanza aliouteremsha, na sala na amani zimshukie Mtume wake Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na Sahaba zake, ambao waliichukua dini hii vifuani mwao wakaifikisha kwa waliokuja nyuma yao pasina kuzidisha neno wala kupunguza.

Ama baad. Katika jumla ya neema walizopewa watu wa zama hizi ni wepesi wa kupata vitabu. Zamani mtu wa Lamu au wa Tanga akitaka Fat-hul Bari, sharhi ya Sahihi ya Bukhari, hakuwa na budi ila aagize Misri au Bombay, atoe fedha mbele, kisha angoje chombo. Wala haikuwa ajabu mwanachuoni kufa asikione kwa macho kitabu alichokisikia kikitajwa darasani tangu utoto wake. Leo kijana aliyekaa barazani anacho kitabu hicho ndani ya simu, mijalada yake yote, na pamoja nacho maelfu ya vitabu vingine vilivyokusanywa katika programu iitwayo Al-Maktaba Ash-Shamila, na hakutoa hata senti moja.

Wako wazee waionao intaneti kuwa ni fitina tupu, na hao wamesahau ya kwamba chapa nayo iliogopewa ilipoingia katika nchi za Kiislamu. Istanbul haikupigwa chapa kwa mkono wa Waislamu mpaka mwaka 1727, Sultani Ahmed wa Tatu alipompa idhini Ibrahim Müteferrika, na idhini yenyewe ilitolewa kwa sharti ya kutopiga chapa vitabu vya dini. Lau wazee wa leo wangalikuwako siku hizo, wangaliilaumu chapa kwa maneno yale yale, na ndiyo chapa iliyowaletea hiyo misahafu waisomayo kila alfajiri. Basi ubaya haumo katika chombo.

Lakini kila neema ina haki yake, na haki ya neema hii yapotezwa mchana kweupe. Neno lilikuwa likisafiri pamoja na mwenyewe. Lilikuwa na baba na babu, lina jina la aliyelisema, na la aliyelipokea, na la aliyelinakili. Leo neno lasafiri peke yake. Lamfikia mtu likiwa yatima, hajui limezaliwa wapi wala na nani, naye halisaili. Alitia simuni mwa mwenziwe kwa kidole gumba kabla hajamaliza kulisoma.

Na aangalie msomaji jinsi waliotangulia walivyolishika jambo hili. Katika vita vya Yamama waliuawa wengi katika wasomaji wa Qurani, na Abu Bakr (R.A.) akamwamuru Zaid bin Thabit aikusanye. Zaid mwenyewe alikuwa ameihifadhi, tena alikuwa mwandishi wa wahyi mbele ya Mtume (S.A.W.). Angaliweza kukaa nyumbani kwake akaiandika yote kwa moyo, wala hapana ambaye angalimtuhumu. Hakufanya hivyo. Aliifuatia kwa watu, katika makuti na katika mawe na katika vifua, na hakukubali kilicholetwa kwake mpaka kishuhudiwe na mashahidi wawili. Huyo alikuwa akijua, na hata hivyo akasaili. Mtu wa leo hajui wala hasaili.

Jabir bin Abdullah (R.A.), naye ni Sahaba aliyekaa na Mtume (S.A.W.) miaka mingi, alisikia ya kwamba yuko mtu Sham mwenye hadithi moja juu ya kisasi cha Siku ya Kiyama ambayo yeye Jabir hakuisikia. Hadithi yenyewe ilikwisha kumfikia kwa midomo ya watu. Akanunua ngamia, akafunga mizigo yake, akasafiri mwezi mzima, hata akafika mlangoni kwa Abdullah bin Unais. Wakakumbatiana, kisha Jabir akamweleza ya kwamba alichelea mmoja wao asije akafa kabla hajaisikia kinywani mwake. Mwezi mzima wa jua na mchanga, kwa ajili ya kuhakikisha maneno ambayo leo yangaliandikwa yakaenea kabla ngamia hajatiwa hatamu.

Kwa sababu hiyo Abdullah bin Al-Mubarak aliihesabu isnadi kuwa ni sehemu ya dini yenyewe, kwani pasipo isnadi kila mwenye ulimi angalisema atakalo. Na Imamu Muslim, katika mlango wa kitabu chake, amepokea kwa Mtume (S.A.W.) onyo la kwamba mtu kusimulia kila alisikialo yatosha kumtia katika waongo. Hapo hapana sharti ya kuwa amekusudia kusema uwongo. Mtu mwema, mwenye kuswali safu ya kwanza, aingia katika onyo hilo ikiwa kila kimfikiacho akipeleka mbele.

Huenda mtu akasema: Mambo hayo ni ya Waarabu wa kale, watu wa pwani walikuwa na desturi yao. Jawabu ni kuwa desturi ya watu wa pwani ilikuwa ni hiyo hiyo. Bwana Mwengo wa Athman wa Pate aliyetunga Utendi wa Tambuka ajulikana mpaka leo kwa jina lake na kwa tarehe ya kazi yake, mwaka 1141 wa Hijria, yaani 1728. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia bintiye utendi wake, aliingiza ndani ya beti za mwisho jina lake, na mji wa Pate alikozaliwa, na mwaka wa 1275 wa Hijria, kisha akataja hata idadi ya beti. Mtu aweza kudhani ya kwamba hiyo ilikuwa ni pambo tu la watungaji. Haikuwa pambo. Jina lililotiwa ndani ya vina halichomoki. Anayetaka kuliondoa hana budi auharibu ubeti wenyewe, na idadi ikitajwa, aliyepunguza au aliyezidisha hujulikana mara moja. Hiyo ilikuwa ni kufuli, na ufunguo wake ni kuhesabu.

Wanakili nao walikuwa na adabu yao. Mwenye kumaliza kunakili kitabu aliandika mwishoni ya kwamba kimetimia siku fulani, mwezi fulani, kwa mkono wa fulani bin fulani, naye amwomba msomaji amwombee maghufira kwa makosa aliyoyafanya. Muhammad Abubakar Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia Wazungu miswada mingi ambayo sasa imo katika maktaba za Ulaya, na mkono wake watambulikana humo baada ya yeye kuwa udongo. Na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alipolitoa gazeti lake la Al-Islahi hapo Mombasa mwaka 1932, msomaji alijua ni nani asemaye, na aliyeona kosa alijua ni mlango gani wa kubisha hodi.

Ama barua isiyokuwa na mwenyewe, hiyo nayo ni ya zamani, na pwani yaijua. Uko waraka uliokuwa ukizunguka katika nchi za Kiislamu tangu karne ya kumi na tisa, udaiwao kuwa ni wasia wa mtu aitwaye Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume (S.A.W.) Madina. Ndani yake yasemwa ya kwamba Sheikh huyo alimwona Mtume usingizini, akaambiwa ya kuwa Kiyama kimekurubia na watu wametopea katika maasi. Kisha waja na ahadi na vitisho: mwenye kuunakili na kuupeleka mji mwingine atapata kadha wa kadha, na mwenye kuuficha atapatwa na balaa. Mwaka 1908 waraka wa namna hiyo, ukiitwa barua ya Makka, ulifika Lindi na miji mingine ya Tanganyika, na serikali ya Wadachi ikaingiwa na hofu kubwa, kwa kuwa vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia tu. Huyo Sheikh Ahmad hakuna aliyemwona. Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudia, aliyefariki mwaka 1999, aliandika risala mahsusi kuubatilisha wasia huo, akaeleza ya kwamba ameujua tangu miaka mingi na kila baada ya muda huzuka tena, maneno yake yamegeuzwa kidogo. Na mpaka leo ungali wazunguka, ila sasa wazunguka ndani ya simu, na badala ya kuambiwa unakili kwa wino, mtu aambiwa aupeleke kwa watu kumi.

Hapa pana jambo la kufikiriwa. Yule mtu wa Lindi wa mwaka 1908 aliyetaka kuunakili waraka huo ilimpasa atafute karatasi na wino, na karatasi ilikuwa ni kitu cha fedha. Ilimpasa akae saa nzima aandike neno kwa neno. Katika saa hiyo huenda akili ikamzindukia akasema: Mbona Mtume atoe khabari mpya ya dini katika ndoto ya mtu nisiyemjua, hali dini imekwisha kukamilika? Na kama hakuzindukana, mwalimu wake aliyepita akamwona ainamia kibao alikuwa na nafasi ya kumuuliza aandika nini. Taabu ya mkono ilikuwa ni mlinzi. Leo mlinzi huyo ameondolewa. Kunakili hakuna taabu, na kwa hivyo hakuna saa ya kufikiri.

Wenye kuuza chombo hiki wenyewe wameliona hilo. Katika mwaka 1018 wa dunia nyingine mtu angalihitaji majeshi ili kueneza uzushi katika nchi nzima. Katika mwaka 2018 huko India ilitosha khabari ya uwongo ya wezi wa watoto kupita katika simu, na watu wasiokuwa na hatia wakapigwa na makundi mpaka wakafa. Kampuni ya WhatsApp ikaweka mpaka huko India, kisha Januari 2019 ikauweka kwa dunia nzima, ya kwamba ujumbe mmoja usipelekwe mbele kwa zaidi ya mahali patano kwa mara moja. Na Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi ukawa haupelekwi ila mahali pamoja pamoja. Na kwa Muislamu ni jambo la haya kubwa, kuwa kampuni ya biashara ya Marekani ndiyo imzuie kueneza asilolihakikisha, na ilhali Sura ya Al-Hujurat imekwisha kumwamrisha ahakikishe khabari aletewayo na fasiki, asije akawadhuru watu kwa ujinga kisha akajuta. Amri hiyo ilimfikia miaka elfu na mia nne kabla ya simu.

Na khatari iliyo kubwa kuliko zote ni katika hadithi. Imepokewa kwa njia nyingi mno, hata wanavyuoni wakaihesabu kuwa ni mutawatir, ya kwamba mwenye kumzulia Mtume (S.A.W.) kwa makusudi makao yake ni Motoni. Wazushi walikuwako tangu zamani, na ndipo Ibn al-Jawzi, aliyefariki mwaka 597 wa Hijria, akatunga kitabu chake Al-Mawdu'at kuzikusanya hadithi za kuzuliwa. Katika hizo alizozitia mna ile mashuhuri itajayo kutafuta elimu hata Uchina, ambayo husomwa katika kila sherehe ya madrasa kutoka Kismayu mpaka Kilwa; na Al-Baihaki aliyemtangulia alisema isnadi zake ni dhaifu. Maana ya kutafuta elimu ni njema, hapana abishaye. Lakini wema wa maana haumpi mtu ruhusa ya kuyatia maneno katika kinywa cha Mtume. Mtu husema: Si neno jema? Na lau jirani yake angalitiwa kinywani mwake neno jema ambalo hakulisema, akatajwa sokoni kuwa ndiye aliyelisema, angalikasirika.

Sasa zimezidi na mashine zenye kutunga maneno. Mtu huiuliza swali, nayo humjibu kwa lugha fasaha, na ikitakiwa dalili hutaja kitabu na mlango na jina la mwanachuoni, na huenda kitabu hicho hakikupata kuandikwa. Mwaka 2023 katika mji wa New York mawakili wawili walipeleka mbele ya hakimu hukumu za kesi walizopewa na mashine ya namna hiyo. Hakimu alipotaka kuziona, hazikuwako, na mawakili hao pamoja na ofisi yao wakatozwa faini ya dola 5,000. Hao walikuwa wasomi wa sheria, na hakimu wao ni wa duniani. Basi mwenye kuandaa khutba ya Ijumaa kwa mashine hiyo na aifungue Sahihi yenyewe, au Sunan yenyewe, aione hadithi kwa macho yake kabla hajapanda mimbari. Na asipoiona, asiiseme. Chombo kile kile kilichomletea shaka kina na kitabu cha kuiondoa, lakini watu ni wepesi wa kuuliza na wazito wa kufungua.

Tena kuna vitabu vizima vipitavyo bila ya jalada. Mtu husoma tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili katika simu, ukimuuliza ni ya nani asema ni Qurani. Hajui ya kuwa tafsiri za Kiswahili ni nyingi, na kila moja ina mwenyewe. Ya kwanza iliyopigwa chapa, mwaka 1923, ilifanywa na Godfrey Dale, padri wa misheni ya Kiingereza ya Unguja, naye alikuwa na makusudi yake. Ya mwaka 1953 ni ya Jumuiya ya Ahmadiyya. Ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy ilitoka kamili mwaka 1969, akaandika ndani yake maelezo mengi ya kuzijibu hizo mbili zilizomtangulia. Na ile ienezwayo zaidi katika intaneti ni ya Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani, aliyekuwa waziri Unguja, akafungwa miaka mingi baada ya mapinduzi ya 1964, kisha akamalizia umri wake ughaibuni; tafsiri yake ilitoka mwaka 1995. Aliyeondolewa majina haya manne mbele ya macho yake ameondolewa nusu ya fahamu. Atakuta maelezo yagongana, asijue ni watu waliokuwa wakijibizana, na huenda akasema, Mungu apishe mbali, ya kwamba ni Qurani yenyewe igonganayo.

Yabakia haki ya mwandishi, na hapa wengi hujidanganya. Husema: Elimu ni ya Mungu, haiuzwi, basi mwenye kukipiga picha kitabu cha mtu, ukurasa kwa ukurasa, akakieneza bure, ana thawabu. Maneno haya yana sura ya dini, na ndani yake mna dhulma. Kwani karatasi si ya Mungu? Na mkate wa mwokaji si wa Mungu? Mwandishi amekesha miaka, amenunua vitabu kwa fedha yake, ameazima mali ya kumlipa mpiga chapa. Na mwenye duka la vitabu amelipa kodi ya duka. Kitabu kikitoka leo, kesho kimo katika simu za mji mzima, na vile alivyovipiga chapa vimelala dukani mpaka vikaliwa na mende. Mwandishi huyo hataandika cha pili, na hasara hiyo hurejea kwa watoto wa wale wale waliofurahia cha bure.

Na wanavyuoni wamekwisha kulihukumu jambo hili. Majmaa ya Fik-hi ya Kiislamu, ile ya kimataifa yenye makao Jidda, ilikutana Kuwait Desemba 1988, ikapitisha katika azimio lake namba 43 ya kwamba haki za utungaji ni haki za wenyewe, zina thamani ya mali katika desturi za leo, na sharia yazilinda, haifai kuzivamia. Hata mahakama za wasiokuwa Waislamu zimeona hivyo: mwaka 2025 kampuni moja ya Marekani yenye kuunda mashine za kutunga maneno ilikubali kulipa dola bilioni 1.5 kwa sababu ya vitabu ilivyovichukua katika maktaba za wizi za intaneti. Na karne nyingi kabla ya hayo, Imamu Suyuti wa Misri, aliyefariki mwaka 911 wa Hijria, alipoona kitabu chake kimechukuliwa na mtu akakitoa kwa jina lake, alitunga risala nzima ya kubainisha kati ya mtungaji na mwizi. Naye Suyuti alikuwa mtu wa kutunga mamia ya vitabu; hakushikwa na ubakhili wa kitabu kimoja. Lililomkera ni jina, kwani kwake yeye kulirejesha neno kwa aliyelisema ni katika baraka za elimu na shukrani zake.

Haina maana ya kwamba kila kilichomo katika intaneti ni haramu. Viko vitabu vya waliokufa zamani, na viko ambavyo wenyewe wamevitoa kwa radhi yao, na hivyo ni sadaka. Mwenye kuvieneza avieneze na jina, wala asikate ukurasa wa kwanza. Na asiyekuwa na uwezo wa kununua aazime, au wenzake kumi wa barazani wachange wanunue kimoja wasomeane, kama walivyokuwa wakisomeana magazeti wazee wao. Kumi wakimsikiliza mmoja pana faida nyingine: mmoja akikosea, tisa wamrekebisha.

Kuhifadhi nako ni sura ya jambo hili hili. Yasimuliwa ya kwamba Imamu Ghazali katika ujana wake alikwenda Jurjan kusoma, akaandika darsa zake katika makaratasi, akarejea nayo Tus. Njiani wakaingiliwa na wanyang'anyi, wakachukuliwa kila walichokuwa nacho. Ghazali akamfuata mkubwa wao akimsihi amrejeshee makaratasi tu, kwa kuwa ndiyo elimu yake aliyoisafiria. Yule mwizi akacheka. Akamuuliza vipi adai kuwa ameijua elimu hiyo, na wao wamemnyang'anya mfuko akabaki hana elimu. Kisha akaamrisha arejeshewe. Ghazali alilihesabu neno hilo kuwa Mwenyezi Mungu ndiye aliyemtamkisha yule mwizi ili amwongoze yeye, na alipofika kwao akakaa miaka mitatu akiyahifadhi yote yaliyokuwamo, hata akawa lau angalinyang'anywa tena hangalipotewa na kitu.

Wanyang'anyi wa njia ile hawakwisha. Mwishoni mwa Oktoba 2023 wezi wa kompyuta waliivamia Maktaba ya Uingereza, London, wakafunga mitambo yake, wakataka walipwe sarafu za bitcoin 20. Maktaba ikakataa, nao wakamwaga hadharani kiasi cha gigabaiti 600 za siri zake. Orodha ya vitabu haikurudi kutazamika mpaka Januari 2024, na miswada iliyopigwa picha ikakawia zaidi. Katika miswada hiyo mna ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ule wa Habib Swaleh, ambayo ilipigwa picha chini ya mradi wa maktaba hiyo wa kuokoa hazina zilizo khatarini. Basi kwa muda mtu wa Mombasa aliyezoea kuvitazama vitabu vya Lamu kwa njia ya London alikuta kiza. Lakini vitabu vyenyewe havikuondoka Lamu. Vingi vimeandikwa juu yake ya kuwa ni wakfu, na jina la aliyewakifu, na kwa ajili ya nani, na siku zote hizo za kiza huko London vilikuwa mahali pake, karibu na watu.

Na majumbani mwa watu wa pwani, kuanzia Pate mpaka Ngazija, yamo masanduku ambayo hayakufunguliwa tangu babu alipokufa. Mna Maulidi kwa mkono, mna fatwa, mna hati za mashamba, mna beti ambazo hazimo popote pengine duniani. Mwenye sanduku la namna hiyo asilikatae ombi la mwenye kutaka kupiga picha, bali asikubali kitabu kitoke nyumbani, wala asikiuze ukurasa mmoja mmoja kwa watalii. Akitoe kivulini, si juani, akipanguse vumbi, akiinue juu mbali na mchwa. Kisha achukue karatasi nyingine, wala asiandike juu ya kitabu chenyewe, aandike: jina la kitabu, na mtungaji, na mnakili, na tarehe iliyomo, na jinsi kilivyofika nyumbani humo, kwa baba yake, kwa baba wa baba yake, kadiri ajuavyo yeye au wamjuavyo wazee waliobakia, na awaulize hao upesi. Karatasi hiyo aiweke ndani ya jalada, na nakala yake aiweke katika simu pamoja na picha, zisitengane. Na penye kitabu ambacho mtungaji wake hakujulikana, asimtafutie mashuhuri wa kumpa. Aandike pale penye nafasi ya jina ya kwamba mwenyewe hajulikani, aache na mahali patupu kwa ajili ya atakayemjua.